Maswali na majibu: Gari inazima njiani na haiwaki

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya gari zinazozima. Naanza na lile linaloletwa kila mara.

Gari yangu ni Vitz, inazima na haiwaki. Tatizo nini? (Fuoni)

Kwa maneno hayo hakuna fundi wa kukujibu, na atakayekujibu papo hapo anabahatisha kwa pesa zako. Ukigeuza ufunguo, selfu inazungusha injini au haizungushi? Kama haizungushi, tazama betri, temino (vishikio vya waya kwenye betri), waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kisha selfu yenyewe. Kama inazungusha vizuri lakini injini haishiki, basi iache betri ya watu. Kinachokosekana mara nyingi ni moto wa plagi au mafuta. Halafu tuambie: ilizima ghafla au ilikwamakwama kwanza? Ilikuwa imeshapata moto? Geji ya mafuta ilisoma wapi? Ilipumzika muda gani ndipo ikawaka? Yaandike hayo pale pale barabarani, kabla hujampigia fundi simu. Nimeshayasema mara nyingi na nitaendelea kuyasema.

Nina RAV4 ya petroli. Nikitoka Mkokotoni inakwenda vizuri, nikikaribia Mahonda inazima ghafla. Selfu inazunguka lakini haiwaki. Nikingoja kama nusu saa inawaka kama haina kitu. Fundi ameshabadilisha plagi, betri na pampu ya mafuta. (Mkokotoni)

Wewe umeeleza, ahsante. Vitu vitatu vimenunuliwa na hakuna hata kimoja kilichopimwa, na hili ndilo linaloniuma. Betri inayozungusha selfu barabara ilibadilishwa kwa hoja gani?

Gari inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, mshukiwa wangu wa mwanzo ni sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na iko katika nafasi gani. Ndani yake, kwa aina nyingi, mna waya mwembamba uliosukwa. Ukichakaa, joto linaukata na baridi linaurudisha. Bila ya taarifa yake kompyuta haitoi moto wala hainyunyizi mafuta.

Siku itakapozima tena, piga selfu huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Usipotikisika kabisa, dalili inaelekea kwenye sensa hiyo au waya wake. Ukitikisika, nenda kwenye koili inayozipa plagi umeme, kisha kwenye mafuta. Fundi apime moto wa plagi wakati huo huo gari imegoma. Ukimpelekea baada ya kupoa, atapima gari iliyo nzima na atakwambia haina tatizo. Mashine ya kusomea kompyuta ikitoa kodi, yaani namba ya kosa, P0335, ndiyo njia hiyo hiyo ya sensa ya kranki. Lakini kodi haimaanishi ununue sensa leo. Waya uliochubuka na kiungio cha waya kilichoingia kutu hutoa kodi hiyo hiyo.

Na hujauliza, lakini nakwambia: injini ikizima mwendoni, breki na usukani huwa vizito. Usipige breki kidogo kidogo, kwani nguvu ya akiba inakwisha. Kanyaga mara moja kwa uthabiti. Wala usichomoe ufunguo kabla gari haijasimama, usukani utajifunga.

Pampu ya mafuta imekufa mara mbili. Ni pampu mbovu zinazoletwa? (Konde, Pemba)

Pengine, khasa kama ni za mtumba. Lakini umeandika mwenyewe kwamba unatia mafuta kidogo kidogo, tena ya chupa. Pampu imo ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza. Ukitembea kila siku na taa ya mafuta imewaka, unaichoma. Maji nayo ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ndiko pampu inakovuta. Dumu lililokuwa na maji jana leo linauza mafuta. Nunua kituoni, usishuke chini ya robo tangi, na kabla ya kufunga pampu ya tatu lisafishwe tangi na ibadilishwe filta. Fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya pampu) zipimwe, na presha ya mafuta pia; gari nyingi za petroli za sindano zinataka takriban bar 3. Usitegemee kusikia mngurumo ukiwasha ufunguo tu, kwani baadhi ya Toyota haziamshi pampu mpaka selfu izunguke.

Nikisimama kwenye foleni Darajani inazima, khasa kiyoyozi kikiwaka. (Mjini)

Throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, au vali inayoiweka injini hai gari ikisimama, au mpira wa hewa umepasuka. Throto isafishwe kwa dawa yake. Usimruhusu mtu akaze skrubu ili injini ipige kelele zaidi. Anaficha maradhi na mafuta yanakwisha.

Nikigeuza ufunguo nasikia ta-ta-ta tu. (Jambiani)

Safisha na ukaze temino, kisha chaji betri. Upepo wa chumvi huko kwenu hauzihurumii.

Imezima katikati ya maji ya masika, Mwanakwerekwe. Niendelee kupiga selfu? (Mwanakwerekwe)

Acha sasa hivi! Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na fimbo ya pistoni itapinda. Isukumwe nje, zifunguliwe plagi zote, maji yatoke, filta ya hewa itazamwe. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe kabla ya kuwasha. Aliyezima kwa maji na akaacha kupiga selfu, mara nyingi huokoa injini.

Rafiki ananiambia nimwage petroli kidogo kwenye mdomo wa hewa ili ishike. (Chake Chake)

Hapana. Moto ukirudi nyuma kupitia huko utakukuta umeinama juu yake, na chupa mkononi.