Saruji ya 32.5 au 42.5 kwa nguzo na zege la ghorofa?

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kutumia saruji ya 32.5 kwenye nguzo, ukiiongezea kemikali ya kuharakisha ugumu: nakushauri usifanye hivyo. Namba hizo hazionyeshi uzito wala bei, bali nguvu ya chini ambayo saruji, ikichanganywa na mchanga wa maabara na kupimwa baada ya siku 28, hupaswa kuifikia, yaani newtoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita ya mraba. Ya 32.5 inafaa kujengea matofali na kupiga lipu. Kwa nguzo, mihimili na zege la ghorofa, chagua 42.5.

Kemikali ya kuharakisha huwahisha ugumu tu, haigeuzi daraja la saruji, na ikiwa ina kloridi ya kalisi italeta kutu kwenye nondo, jambo ambalo ni baya zaidi kwa nyumba za pwani, ambako chumvi ya hewani tayari inazishambulia. Kinachokufaa ni kemikali ya kupunguza maji, yaani inayolainisha zege bila kuongeza maji, kwa sababu mafundi wengi (tuseme ukweli) huzidisha maji ili zege limwagike kwa urahisi, ilhali mfuko wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Saruji yenye majivu ya volkano huchelewa kupata nguvu, hivyo zege lake likishaganda limwagilie maji kwa siku zisizopungua 10.