Kabla hujanunua Daumier, igeuze kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wangu, aliniandikia kutoka Brussels. Ameona picha ya Daumier, mchora katuni Mfaransa wa karne ya 19, sokoni, muuzaji anataka euro 150, je, achukue? Nikamjibu harakaharaka: usitoe hela bado. Kisha nikabaki nimeshika simu, maana swali lake lilinitonesha kidonda.

Mimi nilitoa 180. Ulikuwa mwaka wangu wa nne hapa Paris, nimepata kazi ya kueleweka na nyumba yenye sebule, nikataka ukutani kuwe na kitu ambacho mgeni akiingia tu ajue huyu ni mtu aliyesoma. Nikachagua litografia, yaani picha inayochorwa juu ya jiwe kisha kuchapwa karatasini, ya Honoré Daumier ya mwaka 1864. Wanawake wawili wa tabaka la kati wamekwenda Salon, yale maonyesho makubwa ya sanaa, wamevaa kofia zao za heshima, na nyuma yao picha za wanawake walio uchi. Chini imeandikwa wanavyolalamika: mwaka huu tena Venus, Venus kila mara, kana kwamba wapo wanawake wenye maumbo hayo! Venus ni mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, na mwaka uliotangulia Kaizari Napoleon III mwenyewe alikuwa amenunua picha ya Venus iliyochorwa na Alexandre Cabanel.

Nikawaita marafiki tule pilau. Mmoja wao, fundi fremu, akaishusha picha, akaiinamia na kioo cha kukuzia, akasema taratibu, "Kaka, hii imechapwa juzijuzi tu." Watu saba walimsikia. Pilau ile sikuimaliza.

Alichokiona ni vitone vilivyojipanga safusafu, kama vya picha ya gazeti la siku hizi. Daumier alichora juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu ya mafuta. Jiwe likiloweshwa, maji hukimbia penye mafuta, na wino ukipitishwa hushika palepale penye mafuta. Kwa hiyo mstari wake ukiukuza unaonekana umeparuzaparuza, mfano wa chaki kwenye ukuta usiopigwa lipu vizuri. Hauna vitone vya kupangwa.

Halafu mgongo wa karatasi. Michoro hii ilitoka katika gazeti la Le Charivari, na nakala za kawaida zina habari za gazeti nyuma yake, hata kivuli cha herufi hupenya upande wa picha. Zipo chache zilizochapwa kwenye karatasi safi, ndizo ghali. Yangu ilikuwa nyeupe kabisa nyuma, nami nikafurahi kwamba haina doa! Igeuzeni, jamani. Muuzaji akikataa kuitoa kwenye fremu, ondokeni.

Wala msiharakishwe kwa kuambiwa ni adimu. Daumier alichora litografia zipatazo 4,000. Mwaka 1832 alifungwa kwa kumchora mfalme wa Ufaransa, Louis-Philippe, kama jitu Gargantua linalomeza mali ya wananchi. Sheria ya 1835 ilipobana katuni za siasa, akawageukia watu wa kawaida wa mjini: mawakili, wenye nyumba, wake kwa waume wanaokwenda kwenye sanaa ili waonekane wamekwenda.

Hapo ndipo ninapowaomba, ndugu zangu tulio ughaibuni. Tumetoka mbali, tumedharauliwa, na kiu ya kuheshimiwa naijua. Lakini picha ile nilikaa nayo miezi mitano bila hata siku moja kuisogelea na kusoma maneno yake yote. Niliwatazama wageni wakiitazama. Usinunue kitu usichokuwa na hamu ya kukikodolea macho ukiwa peke yako usiku. Kisogelee, kisome, kigeuze.

Sasa ninayo ya kweli, ya euro 35, kutoka vibanda vya vitabu kando ya mto Seine. Ina doa la maji pembeni na naipenda sana.

Jana yule dada amenitumia picha ya mgongo wa ile yake: safu za Kifaransa zimebanana hadi ukingoni, karatasi imepiga rangi ya chai. Nimemwambia aanze na 60.