Maswali ya Meno: Fizi Kushuka Ukiwa na Waya

Shikamoo daktari. Binti yangu amevaa waya za kunyoosha meno miezi minane. Jino moja la mbele, chini, limekuwa refu kuliko wenzake. Waya inaling'oa? (Mama, Langoni, Lamu)

Marahaba, mama. Jino halijarefuka, ufizi ndio ulioshuka na kuacha mzizi wazi. Tazama kwenye mwanga: sehemu ya mzizi ina umanjano kuliko jino lenyewe. Meno ya mbele ya chini hupatwa sana kwa kuwa mfupa unaoyafunika upande wa mdomo ni mwembamba. Jino likisukumwa mbele hadi likatoka nje ya mfupa huo, ufizi hukosa pa kushika, na ukoga ukiwepo hushuka upesi zaidi.

Mpige picha ya karibu kwa simu leo, kisha mpeleke kwa anayemtibu bila kungoja miadi. Apime kwa milimita, kuanzia pale enameli (gamba gumu la nje la jino) inapoishia hadi ukingo wa ufizi, na aandike. Anaweza kupunguza nguvu ya waya, kubadili mwelekeo wa jino au kumwita bingwa wa fizi. Ukiambiwa "tutaangalia mwisho" na hakuna kipimo kilichoandikwa, usikubali.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, basi hapo nimeacha kupiga. (Barani, Malindi)

Rudia leo hii. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga uliobaki pembeni mwa vyuma, na ukiuacha fizi zinazidi kuvimba. Chukua mswaki laini, uushike kwa ncha za vidole, uulaze digrii 45 kwenye mpaka wa jino na ufizi. Tikisa kidogo kidogo papo hapo, usisugue kwenda na kurudi. Kisha safisha juu ya waya ukielekeza nywele chini, na chini ya waya ukizielekeza juu. Maliza kwa kiburashi chembamba kinachopita kati ya waya na jino. Fanya hivyo asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi.

Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, huenda kuna ugaga, yaani ukoga ulioganda, na huo hautoki kwa mswaki, nenda ukasafishwe. Uvimbe ukishuka, meno yanaweza kuonekana marefu kidogo. Usishtuke: uvimbe ndio uliokuwa ukiyaficha.

Nyanya ananihimiza nitumie mswaki wa mti. Unafaa? (Shela, Lamu)

Unafaa, ila nyuzi zake hunasa kwenye vyuma, na kuusugua kwa kulalia hukwangua ufizi. Utumie upande wa ndani na wa kutafunia, ukiwa mbichi au uliolowekwa. Mbele tumia mswaki laini. Unga wa mkaa uache kabisa.

Waya zikitolewa, ufizi utarudi? (Watamu)

Wenyewe hauoti tena. Jino likirudishwa ndani ya mfupa, hali inaweza kuwa afadhali kiasi. Mzizi ukiwa wazi sana, bingwa huchukua kipande cha nyama kwenye kaakaa na kukishona hapo. Upasuaji huo mara nyingine hufanywa kabla ya waya, mara nyingine baada. Maji baridi yakikuchoma, tumia dawa ya meno ya kutuliza meno yanayochoma. Mafuta ya karafuu hayaoteshi ufizi, na yakiwa makali huunguza.

Natafuna muguka upande mmoja tu. Kuna shida? (Malindi)

Ipo. Bonge likikaa shavuni kwa saa nyingi huusugua ufizi ule ule, majani hujaa kwenye vyuma, na peremende unazotafunia huongeza ukoga. Acha mpaka waya zitoke, na ukiweza usirudie.