Nimwachie nani mwanangu?

Maswali ya wazazi, yakijibiwa na Bibi wa Majengo, muuguzi mstaafu wa kliniki ya watoto, Nairobi

*Shikamoo Bibi. Nina mtoto mmoja, msichana wa miezi mitano. Naishi Pipeline, orofa ya tano. Likizo ya uzazi iliisha, nikaomba miezi miwili bila mshahara, na sasa kiwandani Industrial Area wananitaka tarehe mosi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Mshahara wangu ni shilingi 19,000. Mama mkwe yuko Vihiga, anataka nimpelekee mtoto amlee hadi umri wa shule. Binamu yangu wa miaka 15 yuko tayari kuja kukaa naye kwa 5,000 kwa mwezi. Chini ya ploti yetu kuna kituo cha kulelea watoto cha shilingi 100 kwa siku, ukuta umechorwa katuni, mwenyewe ni mchangamfu, ila nikipita asubuhi naona viatu vidogo vingi sana mlangoni. Kuna kingine nyuma ya steji ya matatu, hakina kibao wala picha, ni mama mmoja na binti yake mtu mzima, bei ni 120. Baba mtoto ana boda boda, anasema niamue mimi. Bibi, silali.*
*Mama Neema, Pipeline*

Marahaba, Mama Neema. Pole kwa usiku huo wa kugaagaa. Umefanya vizuri kuandika kabla ya tarehe mosi, maana mama anayetafuta mlezi asubuhi ya kurudi kazini huchukua yeyote aliye karibu.

Binamu yako, hapana. Msichana wa miaka 15 mahali pake ni shuleni, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inamlinda. Hata tukiweka sheria kando, ukimfungia ndani ya chumba kimoja orofa ya tano pamoja na mtoto mchanga kuanzia alfajiri, utakuwa umewaacha watoto wawili bila mtu mzima. Mtoto akipaliwa na maziwa, au akianza kutetemeka kwa homa, yule binti atafanya nini? Atalia. Na hatakuwa na kosa.

Yaya mtu mzima hujamtaja, nami naelewa kwa nini. Kima cha chini cha mshahara hapa Nairobi kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 na senti kwa mwezi, na yaya ni miongoni mwa wanaohesabiwa humo. Kwa mshahara wako hesabu hiyo haikai. Najua wengi huajiri kwa 6,000, lakini anayekuja kwa 6,000 huondoka siku anapoitwa kwa 8,000, na mtoto huanza upya na sura nyingine.

Mama mkwe wako usimkatalie kwa hasira. Anayejitolea kulea mjukuu anakupenda, hata kama maneno yake ni makali. Lakini Neema ana miezi mitano, na mpaka afike sita chakula chake ni maziwa yako peke yake. Baada ya hapo huendelea kunyonya huku akila, hadi miaka miwili na zaidi. Akienda Vihiga leo, kunyonya kumekwisha leo. Tena umri huu ndio anaoanza kujua nani ni wake. Akirudi Nairobi akiwa na miaka minne ili aingie PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, atakukimbia na kumlilia nyanya yake, na nimewaona akina mama walioumia sana kwa hilo. Muombe mama mkwe kitu kingine: aje yeye. Mtumie nauli akae nanyi wiki za mwanzo, ili mtoto aanze kituoni nusu siku na mchana awe mikononi mwa bibi yake. Mzee akiombwa msaada wa aina hii mara nyingi hukubali, na neno la "nimpelekee" hupoa lenyewe.

Sasa vituo. Katika miaka yangu ya kupima uzito wa watoto wa Eastlands niliona wengi waliolelewa ndani ya mabati wakanawiri, na wengine waliolelewa kwenye vyumba vilivyopakwa rangi wakadhoofika. Kwa hiyo nakuomba uchague mtu kwanza. Mtoto wa miezi mitano hana haja na katuni. Anahitaji mtu mmoja anayemjua, anayemwitikia akilia, na ambaye kesho atakuwa yuleyule.

Vile viatu mlangoni vimekwambia jambo, sikiliza. Uingereza, sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Kwa shilingi 100 kwa siku hatuwezi kudai hivyo Pipeline, lakini mimi nina mpaka wangu, na ninausimamia: watoto wasiotembea wasizidi wanne kwa mtu mzima mmoja. Mtu ana mikono miwili. Moto ukizuka kwenye ngazi zile za Pipeline, nyembamba na zenye giza hata mchana, atatoka na wangapi?

Nenda ukaone, na usiende saa ya kuleta watoto. Asubuhi kila kituo kimefagiliwa na kila mlezi anatabasamu. Nenda saa tano, halafu siku nyingine saa tisa alasiri, bila kupiga simu. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuingia mchana, geuka urudi zako. Ukiingia, tafuta kelele. Watoto wakiwa wazima kuna anayelia, kuna anayepiga sufuria, kuna anayegombania kijiko. Ukikuta watoto kumi wamelala kimya saa tano, na ukarudi saa tisa bado wamelala, uliza kwa nini.

Hapa lazima niseme wazi. Wako walezi wanaowapa watoto dawa ya maji ya mafua, ile inayosinzisha, ili siku ipite kwa utulivu. Niliwapokea watoto wa namna hiyo kliniki. Mama anajisifu, "wangu ni mtulivu, jioni namkuta amelala na usiku analala moja kwa moja," na mimi nikimshika mtoto namwona macho mazito, shingo haina nguvu inayolingana na umri wake. Aliyesinzishwa hanyonyi, na dawa ikizidi pumzi yake inaweza kudhoofika. Mtoto wako akiwa na usingizi usio wake jioni mbili mfululizo, mpeleke kliniki na ueleze anakoshinda.

Na kuna chombo unacho tayari nyumbani, kijitabu cha mama na mtoto. Wengi hukifungua siku ya chanjo tu. Mimi ningetaka ukifungue kila mwezi baada ya kuanza kituo, umpime Neema, na utazame mstari wa uzito. Alikuwa anapanda vizuri akiwa nawe. Akianza kituo na mstari ukalala mwezi wa kwanza, huenda ni maziwa hayatoshi au ni mafua tu. Ukilala mwezi wa pili pia, au ukashuka, huenda mtoto huyo halishwi inavyopaswa, hata mlezi akuambie anamaliza kikombe. Maneno ya mlezi na mstari vikipingana, amini mstari. Miezi tisa ikifika ana chanjo ya surua, basi usije ukasema kazi ilikunyima nafasi.

Ukizungumza na mlezi, usimuulize kama anapenda watoto, kwani atajibu nini? Muulize: "Jana nani alikusumbua zaidi, na ulifanyaje?" Anayewajua vyema watoto wake atakutajia jina papo hapo, atakueleza kwamba yule anaota meno, kwamba huyu halali bila kupigwapigwa mgongo. Asiyewajua atasema wote ni wazuri. Mtazame pia mtoto wa mwaka mmoja anayetembea hapo ndani: akianguka, anamkimbilia nani? Kama analia akiangalia ukuta, hajafundishwa kutegemea kwamba kuna atakayekuja.

Mengine ni ya macho. Jiko la makaa halipaswi kuwa chumba kimoja na watoto, sembuse mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua. Ndoo na beseni za maji ziwe na vifuniko au juu, maana anayetambaa huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja. Mtoto alazwe chali. Baada ya kubadilisha nepi, mlezi anaosha mikono wapi? Ngoja umwone akifanya.

Kuhusu kibali: Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2017. Uliza cheti, lakini kutokuwa na cheti pekee kusikufanye uondoke, kwani walezi wengi wazuri wa mitaani bado hawajakipata. Njia fupi ni kumtafuta mhudumu wa afya ya jamii wa ploti zenu, mmoja wa wale waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023. Yeye huingia nyumba hadi nyumba, anajua ni kituo kipi watoto huharisha kila wiki. Uliza pia kama mlezi amepata mafunzo. Mashirika kama Kidogo na Tiny Totos hufanya kazi na vituo vidogo vya namna hii hapa Nairobi.

Tuje kwa maziwa, kwa sababu bado ana mwezi mzima wa maziwa matupu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua. Muulize msimamizi wako kwa upole, na nenda na mama mwenzako, maana wawili hawapuuzwi haraka. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto la chumba, au siku nne kwenye friji. Wewe unakaa nje kwa muda wa saa kumi, na kituo huenda hakina friji. Basi uyakamue alfajiri ya kumtosha asubuhi, kisha mchana ukamue tena, na baba yake apite getini kwenu ayachukue ayafikishe kwa boda. Yapashwe kwa kukiweka kikombe ndani ya maji ya moto, yasiwekwe juu ya moto. Anywe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Yaliyobaki kikombeni yamwagwe.

Umeona nimemtaja baba yake. Katika barua yako ana sentensi moja tu. Mwambie Bibi amesema kwamba "amua wewe" si jibu la mzazi. Yeye ana pikipiki na saa zake anazipanga mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye anayeweza kutokea kituoni saa tisa bila kutarajiwa. Aende. Namba yake iwe kwa mlezi pamoja na yako, na mkubaliane kwamba hakuna mwingine wa kumchukua Neema bila simu kutoka kwenu.

Ukiniuliza ni kipi ningeanza nacho, ningeanza na kile cha nyuma ya steji. Watu wazima wawili, mama na binti, hawatabadilika mwisho wa mwezi. Shilingi 20 zaidi ni kama 520 kwa mwezi wa siku 26, na najua ni pesa. Lakini kwanza uhesabu watoto, uone jiko, uulize swali langu. Ukimpata mlipe kwa wakati, kila Jumamosi, na mkubaliane mapema atadai nini ukichelewa. Mkono mtupu haulambwi, naye ana kodi. Na ukiona alama mwilini ambayo haina maelezo, ukahofu mtoto anaumizwa, 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

*Bibi, hujambo. Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Kituo anachoshinda hapa Kawangware kimeanza kumpa kazi ya kuandika nyumbani, a, e, i, o, u, ukurasa mzima. Hawezi, analia, mke wangu anamfinya. Mwalimu anasema wenzake wanaweza. Je, amechelewa?*
*Baba Jabali, Kawangware*

Sijambo, Baba Jabali. Hajachelewa hata kidogo. Hata serikali inamtarajia PP1 akiwa na miaka minne. Vidole vya miaka miwili na nusu havijakomaa kushika penseli namna hiyo, anachoweza ni kumimina maji kutoka kikombe hiki hadi kile, kupanda ngazi, kuimba, kuuliza "nini hiki?" mpaka uchoke. Huko ndiko kujifunza kwake. Mwambie mama yake, kwa upendo, aache kumfinya leo hii, maana mtoto atachukia kitabu kabla hajakijua.

Daftari lirudishe bila kuandikwa, na umwambie mwalimu kwa heshima kwamba nyumbani mtamsimulia hadithi. Halafu umuulize watoto hucheza nje saa ngapi, na kwa muda gani. Akikuambia nafasi ni darasa peke yake, anza kutafuta mahali pengine kabla ya Januari.