Ukitaka karakana ya watu wote, anza na mbuzi ya kukunia nazi

Napigiwa simu na watu wa Lindi, Masasi na Newala. Mtu ana banda, ana hamu ya kuwafundisha useremala vijana na akina mama wa mtaani kwake bila kutafuta faida, na swali lake la kwanza huwa ni mashine: anunue ipi, aagize wapi, aombe msaada kwa nani. Jibu langu ni lile lile kila mara. Mashine iache kwanza. Wapime watu.

Sisi tulianza kinyume. Karakana yetu ya hapa Mtwara mjini si biashara. Tumejisajili kama kikundi cha kujitolea, na kwa ada ndogo tunamfundisha yeyote anayetaka kushika randa. Mwaka wa kwanza tulipewa msaada wa mashine kubwa ya kuranda na kupasulia. Tuliishusha kwenye lori kwa shangwe, watoto wa mtaa mzima wakitazama. Kesho yake fundi umeme alisoma kibati cha kwenye mota, akatuambia inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani wa nyaya tatu za moto. Laini yetu ni fezi moja, kama ya nyumba ya kawaida. Aliyetupa hakuuliza, na sisi hatukuuliza. Mashine ikakaa miezi saba chini ya turubai, katikati ya banda, mahali pa benchi mbili. Watu walikuja kujiandikisha, wakaiona, wakaambiwa wasubiri. Wengi hawakurudi. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni naona haya.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja fundi, Mmakonde wa Newala, tuliyemwalika kuja kuangalia tu. Alizunguka banda mara moja akaniambia, "Mjomba, hiyo isahau. Hapa kila nyumba inakuna nazi. Wafundishe mbuzi."

Sijapata somo la kwanza linaloizidi mbuzi ya kukunja. Ina vibao viwili vinavyopishana kama mkasi. Kimoja kina tundu refu katikati, kingine kinapita ndani ya tundu hilo, na kijiti kinavishikilia ili mbuzi ifunguke na kufunga. Ukiitengeneza umekata kwa msumeno, umeranda, umetoboa kwa keekee, umechonga tundu kwa patasi na umepiga msasa mahali patakapokaliwa. Kazi yote iko kwenye lile tundu. Likibana, mbuzi haifunguki. Likilegea, mkaaji anayumba. Mwanafunzi anapunguza kwa patasi unene wa ukucha, anajaribisha, anapunguza tena. Siku kibao kinapopita kwa kusukumwa na kiganja tu, bila nyundo, utamwona anakifungua na kukifunga mara kumi. Kichwa cha chuma tunanunua kwa mhunzi. Vifaa vya watu wanne kushirikiana ni msumeno mmoja, randa moja, patasi mbili, keekee, jiriwa ya kubania mbao na tupa. Umeme hauhitajiki, na ukikatika darasa linaendelea.

Sasa nieleze ninachomaanisha ninaposema kupima watu.

Alikuja kijana asiyeona. Nakiri sikujua nimfundishe vipi, maana futi kamba kwake ni utepe mtupu. Mzee akachukua fito iliyonyooka, akaikata alama kwa msumeno: alama moja urefu wa kibao, mbili mwanzo wa tundu, tatu mwisho wake. Kijana akapapasa, akaegesha patasi kwenye alama, akaanza. Kwenye kuranda alitushinda wengi, kwa sababu anasikiliza. Randa ikifuata nyuzi za mbao hutoa sauti moja ndefu na maranda hutoka yamejikunja. Ikienda kinyume na nyuzi hukwaruza na kung'oa. Yeye alikuwa anageuza kibao kabla sisi hatujaona kasoro. Wiki iliyofuata, mama mmoja wa makamo ambaye hakusoma shule, na alikuwa anaificha futi kamba asiulizwe namba, akaomba kutengenezewa fito kama ile. Siku hizi darasa zima linatumia fito. Tulidhani tunamsaidia mtu mmoja.

Benchi nazo tulizikosea. Tulizijenga zote kimo kimoja, kimo changu. Kwa anayesimama, mwambie aachie mikono ining'inie: uso wa benchi uje usawa wa kifundo cha mkono, hapo ataranda bila kuvunja mgongo. Kwa anayetumia kiti mwendo, acha nafasi ya magoti ya karibu sentimita 70 kutoka chini, na usiweke ubao wa kukingama mbele. Angalia njia pia. Mchanga wetu wa pwani unameza magurudumu; dada mmoja alikuwa anabebwa kutoka barabarani hadi mlangoni kila Jumamosi, na hakuna mtu mzima anayependa kubebwa. Tuliweka njia ya zege, akaanza kuja mwenyewe na kwa wakati wake. Kwa viziwi, tuna sheria moja kwa wote: mwenye msumeno au patasi asifuatwe kwa nyuma, mjie mbele akuone. Sheria hiyo inawafaa wenye masikio vile vile.

Kalenda ya kusini ni ya korosho. Ukipanga darasa Oktoba, watu wako shambani au ghalani wanasubiri mnada. Ada ukiidai Agosti, unamdai mtu asiye na kitu mfukoni. Sisi tunaandika kwenye daftari na kulipwa baada ya mnada, na mpaka sasa tuliopoteza kwao ni wachache sana. Mwezi wa Ramadhani tunafundisha asubuhi. Akina mama wengi wanapata nafasi saa tisa alasiri, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kupika cha usiku, kwa hiyo darasa lao ni saa tisa.

Kuhusu mbao nitasema machache. Wageni wengi wakisikia Mtwara wanadhani tutaanza na vinyago vya mpingo. Hapana. Mpingo ni mti mgumu kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na unachukua miongo mingi kufikia kimo cha kuvunwa. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, vimefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba unaweza kuvunwa kwa utaratibu. Kumkabidhi anayeanza kipande cha mti kama huo akiharibu ni kukosa adabu kwa msitu. Mpe msonobari au mabaki ya mafundi wa fanicha. Ukinunua kwa muuzaji, dai stakabadhi. Mbao ikiwa mbichi usiikubali. Ipange kivulini, vijiti katikati, uipe muda, la sivyo mbuzi itapasuka nyumbani kwa mtu.

Na vumbi, tafadhali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao kuwa linasababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, ikiwemo ya pua. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Fungua milango upepo wa kusi upite, na barakoa iwe sehemu ya ada, asilazimike mtu kuiomba.

Wanaomaliza tunawahimiza waunde vikundi na kwenda halmashauri kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Nenda nao. Fomu zinachosha mtu akiwa peke yake.

Ile mashine hatimaye tuliibadilisha kwa ndogo ya fezi moja. Hufunguliwa baada ya wiki ya sita, kwa aliyekwisha kumaliza mbuzi yake. Yule mama wa fito alinipigia juzi. Mbuzi yake imekaa mwaka mzima jikoni, sasa kile kijiti kimeanza kulegea. Nilimwambia ailete nimkazie. "Siileti wewe uikaze," akasema. "Nataka benchi yangu Jumamosi, na keekee."