Baba kafia Dodoma, tukiandika kafia Kondoa kuna shida?

SWALI: Shikamoo dada. Baba yetu tulimtoa Kondoa akiwa hoi tukamkimbiza hospitali Dodoma mjini, usiku wa pili akafariki, tukamrudisha nyumbani tukazika. Sasa tunataka cheti cha kifo tufungue mirathi ila ofisi ya wilaya hapa wanatuambia twende Dodoma. Baba mdogo anasema tumwombe mtendaji wa kijiji aandike kwamba mzee alifia nyumbani, maana shamba liko huku na kaburi liko huku, tukiandika Dodoma si kesi nayo itahamia huko?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana kwa msiba. Hiyo barua msiiombe kabisa. Kifo kinasajiliwa kwenye wilaya kilikotokea, haijalishi marehemu kazaliwa wapi wala kazikwa wapi, kwahiyo hao wa wilayani hawajawazungusha, wamewaambia ukweli.

Halafu kile kibali cha mazishi mlichopewa hospitali kimeshasema mzee kafia wapi. Sisi yalitukuta kwa shangazi, kafia hospitali ya mbali, kaka akaandikisha kijijini ili kuokoa nauli. Siku ya mirathi mtoto wa mke mwenza akatoa kile kibali kwenye pochi, kimekunjwa mara nne, wino umefifia ila jina la hospitali linasomeka vizuri tu, hakimu akaviweka viwili mezani akauliza huyu mama kafa mara ngapi. Mama yangu alilia palepale, na tulianza upya kila kitu.

Kuhusu kesi kuhamia Dodoma ondoeni hofu. Mahakama ya mwanzo kwenye mirathi inaangalia marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wapi, na mzee wenu alikuwa wa Kondoa, kulala hospitali siku mbili hakumfanyi mtu mkazi wa Dodoma. Hapo sasa ndo mtendaji anawafaa, awaandikie barua kwamba mzee alikuwa mkazi wa kijiji chake, hiyo ni kweli na ni kazi yake.

Dodoma aende mmoja tu, abebe kibali cha mazishi, kitambulisho cha mzee na cha kwake, asajili kwa msajili wa wilaya au aulize RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, wewe hujasema mzee kafariki lini, kama bado hazijaisha aondoke wiki hii hii, na kile kibali mkitoe kopi kwanza kabla hajapanda basi.