Viza ya ndoa ya Uingereza: mwenye kutakiwa kazi kwanza ni mkeo, sio wewe

Mdogo wangu swali lako nimelipata na najua mko wengi hapo Tanga wenye swali hilohilo, kwa hiyo najibu wazi ili na wengine wasome. Umesema umeoa binti mwenye uraia wa Uingereza, mnaishi hapo Makorora, mnataka kuhamia huku, na wewe umeshaanza kutafuta kazi kwenye intaneti ukiwa hukohuko ili upate barua ya ajira uiambatanishe kwenye maombi ya viza.

Hiyo barua iache kwanza, haikusaidii. Ukiomba viza ya ndoa ukiwa nje ya Uingereza, kazi utakayokuja kufanya wewe haihesabiwi, hata ungeahidiwa mshahara wa waziri. Wanaangalia kipato cha anayekuita, yaani mkeo.

Na kipato chenyewe sio kidogo jamani. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemwita mume au mke anatakiwa awe anaingiza pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600, ona walivyoirusha. Huko nyumbani watu wanadhani ukishakuwa raia basi unamwita mwenzio kama unavyomwita mtu toka Muheza, hapana. Kima cha chini cha mshahara huku Aprili 2025 kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa, kwa kima hicho mtu apige saa 40 kila wiki mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, anapata kama 25,400, bado hajafika. Kwa malipo hayo inabidi apige kama saa 46 kwa wiki, au apate kazi inayolipa vizuri kidogo. Kuna na njia ya akiba, pauni 88,500 zikae benki miezi 6, hiyo naipita.

Umeuliza kama mnaweza kuja wote siku moja. Sheria inaruhusu, ila mkeo awe huko huko aliko anaingiza hizo 29,000, zaidi ya shilingi milioni 80 kwa mwaka, na juu yake awe na kazi ya huku iliyothibitishwa, ya kuanza ndani ya miezi 3 akirudi. Umesema anafundisha tuisheni watoto wa Raskazone, kwa hiyo njia hiyo sio yenu. Atangulie yeye.

Najua hili ni gumu, na najua wazee watasema maneno, eti mwanamke anasafiri anamwacha mume nyumbani ana lake jambo. Wakalisheni chini mapema muwaeleze kuwa ni utaratibu wa serikali ya kule na si vinginevyo, manake nimeona ndoa zinavunjika kwa maneno ya barazani tu wakati mke wa watu yuko huku anahangaika.

Na anahangaika kweli. Hapa Leicester niliishi nyumba moja na dada wa Pangani aliyekuwa anamwita mumewe. Jumatatu mpaka Ijumaa kea, yaani kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, saa kumi na moja alfajiri yuko kituo cha basi giza na baridi, wikiendi anabeba boksi, yaani vibarua vya kubeba mizigo. Wanaruhusu kujumlisha kazi mbili, ndo maana. Akimpigia mumewe anampigia toka chumba cha kufulia pale kazini, mashine zinanguruma, dakika za mapumziko zikiisha anakata katikati ya sentensi na kule mume ananuna anadhani hathaminiwi. Slipu zake za mshahara alikuwa anazipanga kwenye faili moja na steitimenti za benki, mwezi kwa mwezi, anazipitishia kidole. Na alikuwa sahihi kabisa, slipu ikisema umepokea pauni 1,987.40 basi benki nayo isome 1,987.40, sio 1,900 halafu zilizobaki ukalipwa keshi. Mkeo akipata kazi asiibadilishe kabla ya miezi 6 kutimia, akihama mapema ataanza kuhesabiwa mapato ya miezi 12 badala ya 6, huko ni kuwachelewesha bure. Kwa hiyo mkijumlisha na muda wa kutafuta kazi na wa kusubiri majibu, jiandaeni kutengana karibu mwaka.

Wewe huku nyuma usikae. Ndoa yenu iandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, kama bado, jiandae na mtihani wa Kiingereza ngazi ya A1, ni kusikiliza na kuongea tu, na kipimo cha TB fanya ukikaribia kuomba manake cheti chake kinaisha baada ya miezi 6. Hela: ada ya viza karibu pauni 2,000, na ya matibabu 1,035 kwa mwaka ambayo kwa viza ya miezi 33 wanakata 3,105 kwa mkupuo. Ukikataliwa ya matibabu inarudi, ya viza hairudi.

Ukishafika unafanya kazi yoyote kwa mwajiri yeyote toka siku ya kwanza, na hapo ndo viza hii ilipo nzuri kuliko ya kuletwa na kampuni. Lakini kazi ya umeme uliyosomea chuo cha ufundi cha VETA hutaigusa siku hiyo, saiti za huku zina kadi zake na mitihani yake, utaanza na boksi au kea kama tulivyoanza wengi, huku unasoma. Leseni yako ya Tanzania itakuendesha miezi 12 tu halafu ufanye mtihani wa huku.

Wanaoniuliza kama kaka anaweza kumwita mdogo wake, Uingereza njia hiyo karibu haipo kabisa. Na anayepita Ngamiani akiuza viza za kea ni mwizi, kuajiri watu wa kea kutoka nje kumefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025. Ukipeleka karatasi ya kughushi unaweza kufungiwa miaka 10, hapo hata mkeo awe tajiri hakuombei.

Mwambie wifi anipigie mwenyewe, Jumapili mchana nakuwepo. Chumba cha kuanzia kipo kwangu, kodi tutaongea akishapata mshahara wa kwanza, na pale ninapofanya mimi wanatafuta watu wa shifti za usiku, zinalipa zaidi ya za mchana. Anitumie CV kabla hajakata tiketi.